Mtu wa Kwanza Kuambiwa

Mwezi wa tano 2017, nikiwa mwaka wa pili, mwenzangu wa chumba alirudi bwenini saa mbili usiku akakaa kitandani bila kuvua viatu. Nilikuwa nasonga ugali kwenye lile jiko la umeme tulilokuwa tunalificha uvunguni, maana kupika vyumbani kulikatazwa. Alikaa kimya mpaka ugali ukaiva. Ndipo akaniambia kwamba mwalimu wa somo moja amemwita ofisini kuhusu maksi zake, amefunga mlango kwa ufunguo, amemshika kiuno, na amemwambia kwamba kufaulu kwake kuko mikononi mwake mwenyewe.

Nikamuuliza, "Una uhakika hakuwa anatania?"

Akanitazama. Nikaongeza, kwa upole kabisa, nikiamini namsaidia: "Nyamaza tu, mwenzangu. Tumalize chuo tuondoke."

Akanyamaza. Tukala. Muhula ule alikula sapu, yaani mtihani wa marudio, kwenye somo lile, na sapu yenyewe hakuivuka. Mwaka wa tatu ulipofunguliwa kitanda chake kilipewa mtu mwingine. Nilisikia ameahirisha masomo, na sikupiga simu kuuliza kwa nini, kwa sababu nilikuwa najua.

Naanza na hilo kwa kuwa watu wanaponiuliza nilipataje ujasiri wa kuripoti mwaka uliofuata, hutegemea niwaeleze habari za ujasiri. Ukweli ni kwamba kabla sijaripoti yangu, nilikuwa nimeshazima ya mwingine. Niliizima mimi, rafiki yake, kwa maneno mawili matatu, nikiwa na mwiko mkononi.

Yangu ilitokea Januari 2018. Mwalimu alikuwa mwingine, na alikuwa mtu wa kuheshimika hasa: anasali, anachekesha darasa, akikukuta njiani anakuuliza hali ya wazazi. Pale chuoni kwetu somo lilikuwa na maksi 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho, ule tunaouita UE. Usipofikisha kiwango kwenye zile 40 hata UE hufanyi. Zilipobandikwa ubaoni, jina langu lilikuwa halina kitu mbele yake. Nikaenda ofisini kwake kuuliza.

Alinigeuzia kioo cha kompyuta nione mwenyewe. Majina ya darasa zima yalishuka chini, kila jina na namba yake, na mbele ya langu palikuwa na kisanduku cheupe. Akaweka kidole juu ya kile kisanduku. "Hizi maksi zipo," akasema. "Hazijapotea. Ni wewe tu." Akanyanyuka kwenda mlangoni, na kabla hajaufikia nikawa nimeshatoka. Saa mbili kasoro usiku ule ukaingia ujumbe: Jumamosi atakuwa mahali fulani, akaitaja gesti kwa jina, niende "tulimalize hili kama watu wazima".

Nilisimama kwenye ngazi za bweni na simu mkononi, nikamkumbuka mwenzangu alivyokaa na viatu vyake. Nikajiuliza nimwambie nani ambaye hatanijibu kama nilivyomjibu yeye.

Nikaenda kwa msimamizi wa bweni, mama wa makamo ambaye wengi wetu tulimwogopa kwa sababu ya ukaguzi wa majiko. Alikuwa anahesabu funguo, redio ikisoma taarifa ya habari. "Shikamoo mama." "Marahaba, kuna nini?" Nikashindwa kusema. Akazima redio. Akafunga daftari la funguo, akaliweka pembeni. Akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Haya, nisimulie tangu ulipogonga mlango."

Nilisimulia vibaya, nikirukaruka, nikirudi nyuma. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema, "Pole mwanangu. Umefanya vizuri kuja." Akavuta droo, akatoa kaunta buku jipya la chuo, akanipa kalamu.

"Andika sasa hivi, kabla hujalala. Saa ngapi ulifika, mlango ulikuwaje, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe. Usipambe, usipunguze. Usichokumbuka, andika hukumbuki. Ujumbe usifute, na simu usiuze wala usimpe mtu."

Niliandika kurasa nne palepale kwenye meza yake. Nilipomaliza akazisoma, na chini ya mstari wangu wa mwisho akaandika kwa mkono wake kwamba ameelezwa habari hii na mwanafunzi mwenyewe, tarehe ile, saa nne na dakika kumi usiku. Akatia sahihi. Wakati ule niliona ni utaratibu wa watu wazima tu wa kupenda kusaini vitu. Thamani ya ile sahihi nilikuja kuijua mwezi wa nne.

Kesho yake alinipa namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa Tanzania, 113, ambayo haina gharama. Nilikuwa sijui kabisa kwamba jambo lile ni kosa la rushwa. Nilidhani rushwa ni pesa. Afisa aliyenisikiliza alinifafanulia kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007: mwenye mamlaka akitaka ngono ili akupe haki yako, ajira, cheo au upendeleo wowote, ametenda kosa, na akikutwa na hatia ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Akanieleza pia habari ya mtego. Ndiyo njia mnayoisikia kwenye taarifa za habari, mhadhiri kakamatwa gesti. Hakunilazimisha, na namshukuru mpaka leo kwa hilo. Aliniambia wazi kwamba naweza kukataa.

Nilikataa. Watu wamenilaumu kwa hilo, pamoja na ndugu zangu. Lakini mtego unamtaka binti aende mwenyewe mpaka kwenye kile chumba, aketi kwenye kile kitanda, azungumze kwa sauti ya kawaida na mtu anayemwogopa, akiamini kwamba walioko nje hawatachelewa. Wapo walioweza, na nawavulia kofia. Mimi nilijijua sitaweza. Anayeshindwa kwenda gesti akiwa na maafisa nyuma yake hajathibitisha kwamba ni mwongo, na ningependa hilo lieleweke kwa kila anayeuliza, "Kama ni kweli, mbona hukumtegea?"

Nikapita njia ya chuo. Nilisimulia kisa kilekile mara tano: kwa CR wetu, yaani mwakilishi wa darasa, kwa mkuu wa idara, ofisi ya mshauri wa wanafunzi, kamati ya uchunguzi wa awali, na kamati ya nidhamu. Kila mara naanza upya kuanzia mlangoni. Mkuu wa idara alinisikiliza akiangalia saa, akaniambia kwa sauti ya baba, "Binti yangu, huyu mtu ana familia. Na wewe umebakiza miezi mitano." Nilipotoka nje nikagundua ameniambia maneno yangu mwenyewe. Tumalize chuo tuondoke.

Kwenye kamati walikuwa watu saba, wanawake wawili. Niliulizwa siku ile nilivaa nini. Niliulizwa kama nina mchumba. Niliulizwa kwa nini nilikwenda ofisini peke yangu, kana kwamba ofisi ya mwalimu ni mahali mwanafunzi anapaswa kuingia na walinzi. Kisha mjumbe mmoja akasema jambo ambalo lingenimaliza: kwamba matokeo ya muhula yalishatoka, sikufanya vizuri, na huenda malalamiko haya yametungwa baada ya kuona matokeo.

Msimamizi wa bweni alikuwa ameitwa kama shahidi. Aliomba kaunta buku, akafungua ukurasa wa nne, akalisukuma katikati ya meza. Tarehe ilikuwa majuma sita kabla ya matokeo kutoka. Sahihi yake ilikuwa pale, na saa. Yule mjumbe alisoma, akampa wa pembeni yake, nalo likazunguka meza nzima bila mtu kusema neno.

Wakati wote huo maneno yalikuwa yanazunguka bwenini. Anatafuta maksi za huruma. Kakataliwa ndiyo maana. Baadhi ya wasichana niliosoma nao kwa miaka miwili waliacha kukaa karibu nami darasani, na siwalaumu sana kwa sababu mwaka uliotangulia mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kuhama kiti. CR wetu, kijana mwenye maneno machache, alinisindikiza kila kikao. Hakuruhusiwa kuingia. Alikaa kwenye benchi la korido na madaftari yake, mara moja alikaa saa tatu na nusu, na nilipotoka alisema tu, "Twende ukanywe chai."

Mwenyekiti wa kamati aliniuliza kama kuna mwingine ninayemfahamu aliyepatwa na jambo la namna hii pale idarani. Nikasema yupo. Nikamtafuta mwenzangu wa chumba kupitia dada yake, nikampata, yuko kwao anauza duka la mjomba. Nikamwomba samahani, nikamweleza kinachoendelea, nikamwomba na yeye aandike.

Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mimi nilishasema. Nilikwambia wewe."

Baadaye, nilipoanza kujisomea sheria, nikakutana na kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kile kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, SOSPA. Kinahusu unyanyasaji wa kingono, na ndani yake kuna ukomo: malalamiko yasiletwe baada ya siku 60 kupita tangu tukio, au tangu tukio la mwisho. Siku sitini. Muhula mmoja una siku nyingi kuliko hizo. Kosa la rushwa ya ngono kwenye sheria ya TAKUKURU halikuwekewa ukomo huo, lakini sisi wawili pale chumbani hatukujua hili wala lile. Siku zake sitini ziliisha akiwa amenyamaza, na aliyemwambia anyamaze ni mimi.

Kuhusu matokeo ya shauri langu sina mengi. Karatasi zangu zilisahihishwa upya na mwalimu mwingine, nikapata B. Mwaka uliofuata yule mhadhiri hakuonekana kwenye ratiba. Nilipoandika barua kuomba kujua uamuzi, nilijibiwa kwa sentensi moja kwamba suala langu limeshughulikiwa. Mpaka leo sijui limeshughulikiwaje, na kutojua huko kuliniumiza kuliko maswali ya kamati. Mtu umevuliwa maisha yako mezani mara tano, kisha mlango unafungwa na wewe uko nje.

Mwezi Novemba 2018, Rais Magufuli alipokwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye uzinduzi wa maktaba mpya, mhadhiri wa hapohapo, Dk. Vicensia Shule, aliandika Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri. Nilikuwa nimeshamaliza, niko nyumbani nasubiri ajira, nikausoma ujumbe ule mara nyingi mpaka betri ikaisha. Yeye si mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye sapu. Ni msomi, ana jina, ana ofisi. Na bado siku zilizofuata aliitwa kujieleza, na watu mitandaoni wakawa wanamjadili yeye zaidi ya alichosema. Nilimwambia mama yangu, kama ni hivyo kwa Daktari, je, kwa yule anayelala chumba namba 14? Baadaye TAKUKURU walifanya utafiti wao kwenye vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma, na tatizo likakutwa lipo. Wanafunzi hatukuhitaji utafiti, lakini nilifarijika kuliona limeandikwa.

Sasa nimeajiriwa kwenye chuo kingine. Kuanzia 2021 serikali ilipohimiza vyuo vya elimu ya juu na vya kati vianzishe madawati ya jinsia, chuo chetu nacho kikaunda la kwake, na mimi nikaomba niwemo. Tuna chumba kimoja, kabati la kufuli, meza na viti viwili. Nilichokisoma nikiwa upande ule wa meza nakitumia upande huu. Nazima simu. Nauliza kama mtu amekula, na naeleza kwa nini nauliza, ili asidhani nazunguka. Namwacha aanze anapotaka. Hatuulizi mavazi. Anaandika mwenyewe, au ananisimulia naandika na kumsomea, tunatia sahihi wote wawili, tarehe na saa, na nakala anaondoka nayo. Tumepigania kwenye vikao kwamba atakayeleta malalamiko asisimulie zaidi ya mara mbili, na kwamba apewe jibu la maandishi lenye uamuzi. La kwanza tumelipata. La pili bado tunalidai.

Kitu ambacho sikukitegemea ni jinsi malalamiko ya ubaguzi yanavyokuja yamejificha. Anayeombwa ngono anajua ameonewa, hata kama anaona aibu. Anayebaguliwa mara nyingi huja kuomba msaada. Kuna mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu aliyekuja na barua yenye kichwa "Ombi la kuhamishiwa darasa". Vipindi vyake viwili vilipangwa ghorofa ya pili, jengo halina lifti, na kwa nusu muhula wenzake walikuwa wanambeba. Alipomlalamikia mhusika wa ratiba aliambiwa angechagua kozi inayomfaa. Barua yake ilikuwa imeandikwa kwa unyenyekevu wa kuumiza, na sentensi ya mwisho ilisema anaomba radhi kwa usumbufu. Nikamwambia, kaka, hili si ombi. Tukaisoma pamoja Ibara ya 13 ya Katiba inayokataza ubaguzi, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Tukakaa tukaiandika upya, kichwa kikawa "Malalamiko". Alipolisoma lile neno akatabasamu kidogo, akaniuliza kama inaruhusiwa. Vipindi vilishushwa chini ndani ya wiki mbili. Ombi lilikuwa limekaa kwenye faili tangu wiki ya pili ya muhula.

Wavulana pia huja. Huja wachache, jioni, na karibu wote huanza na "kuna rafiki yangu". Nimejifunza kumsikiliza huyo rafiki kwa heshima zote mpaka mwenyewe aamue kutokea.

Mwaka 2024 ulipopelekwa bungeni muswada wenye pendekezo la kumtia hatiani hata yule anayetoa ngono kwa mwenye mamlaka, mashirika ya kutetea wanawake yalilipinga kwa nguvu, na mimi nilikuwa pamoja nao kwa moyo wote. Nilifikiria wasichana waliokwisha kukubali, kwa woga, kwa kukosa ada ya mwaka mwingine, kwa kuwa mkopo ungekatwa wakifeli. Wapo. Wamekaa kwenye kile kiti mbele yangu. Ukiwaambia kwamba kusema ni kujishtaki, hutamsikia hata mmoja, na yule mwenye kompyuta atalala usingizi mnono.

Mwenzangu wa chumba hakurudi chuo. Tunaongea siku hizi, si sana. Mwaka jana alinitumia picha tatu kwa WhatsApp bila maelezo. Zilikuwa kurasa za daftari, mwandiko wake uleule wa kulalia kushoto. Juu ameandika mwezi wa tano 2017, saa kumi na mbili na nusu jioni. Mlango ulivyokuwa, alivyosema mwalimu, alivyoshika. Na chini, baada ya nafasi: nilirudi chumbani saa mbili, nikamweleza mwenzangu alipokuwa anasonga ugali. Hakuandika nilichomjibu. Nilizichapa, nikaandika pembeni kwamba ni kweli nilielezwa usiku ule, nikatia sahihi na jina langu kamili, nikamrudishia kwa basi. Aliniambia zimefika.

Wiki iliyopita, saa kumi jioni, msichana wa mwaka wa kwanza aligonga mlango wa dawati. Alisema amekuja kuulizia tu. Nyuma yake, koridoni, mwingine alikuwa amesimama amekumbatia begi, hajui aingie au aende. Nikamuuliza wa kwanza, "Huyu mmekuja pamoja?" Akasema, "Ndiyo, ndiye niliyemwambia, akasema tuje."

Nikawaambia waingie wote wawili, nikaenda chumba cha jirani kuazima kiti.